Kitabu cha Mbele Dirishani

Baba yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Jalada, alizaliwa tarehe 9 Machi 1947 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mshona nguo.

Alisoma shule ya msingi ya hapo hapo, kisha sekondari hadi kidato cha nne, mwaka 1966. Mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba angefika mbali kama asingesoma vitabu chini ya dawati. Alifika mtaa wa pili kutoka shuleni, akafanya kazi huko maisha yake yote.

Mwaka 1967 aliajiriwa kufungua makasha katika duka la vitabu. Mwenye duka alipostaafu, mwaka 1980, akalinunua. Lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao na dirisha la kioo. Dirishani alipanga vitabu vya maisha ya rais wa kwanza, na kila mteja alimuuliza aanze na kipi. Naye aliwauliza: "Unataka kumjua, au unataka kufaulu mtihani?"

Februari 1982 aliingia mwalimu wa historia, akitafuta kimoja cha darasa lake. Marehemu akampa kile kinene, kilichoandikwa na katibu wa rais.

"Huyu alikuwepo," alimwambia.

"Ndiyo maana. Aliye ndani ya nyumba haoni paa. Kurasa mia sita, bosi wake hajakosea hata mara moja?"

Akachagua chembamba, cha mwandishi wa habari ambaye Ikulu haikuwahi kumkaribisha.

"Na huyo habari kazipata wapi, dada? Dirishani?"

"Angalau alichungulia."

Walifunga ndoa tarehe 11 Juni 1983. Ubishi haukufungwa. Mama alipostaafu ualimu akahamia kaunta, na vita vikawa vya kimya: asubuhi marehemu aliweka kinene mbele, akienda kunywa chai, chembamba kilikuwa kimekaa mahali pake. Hakuna aliyekiri. Wateja wengi waliishia kununua vyote viwili, nasi watoto tukadhani ni mbinu ya biashara. Haikuwa.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Aliuchukulia kama mteja msumbufu, kwa adabu na bila kumwamini. Wiki ya mwisho, wodini, mama alimwinamia.

"Mzee, nimekiweka chako mbele."

Akafumbua macho. "Unaniaga?"

"Nani kasema?"

"Basi karudishe chako. Ukianza kunikubalia, nitajua daktari amekuambia kitu."

Mama alikwenda dukani jioni ile ile, akakirudisha, akaja kumwambia. Marehemu akacheka mpaka muuguzi akaja kuuliza kuna nini.

Alifariki Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano na dada yake mkubwa. Duka limefungwa kwa msiba, na dirishani chembamba kiko mbele, kama alivyoagiza. Kinene mama amekichukua nyumbani. Amekisoma kila siku tangu Jumanne, kalamu mkononi, na anasema hajamaliza kumjibu.

Apumzike kwa amani, ambayo dukani hakuwahi kuitaka.