Baba Yetu, Sauti ya Mzee Ngao

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kitinda mimba. Shuleni walimu walimtoa darasani kwa kuwaigiza sauti, kisha wakamwita ofisini awaigizie mwalimu mkuu.

Alitangaza mpira redioni kwa miaka mingi. Mwaka 1978 alimuoa mama yetu, fundi cherehani, ambaye mpaka leo husema, "Alinitongoza kwa sauti tano, nikachagua moja."

Mwaka 1994 alichukuliwa kuwa sauti ya Mzee Ngao katika ile katuni ya shujaa kijana arukaye angani na mwalimu wake aliyezeeka. Aliyeigiza shujaa alikuwa mvulana mwenye kigugumizi cha woga. Baba alimfundisha kuvuta pumzi, akamlea kama wa kumzaa.

Mwaka jana alishikwa na saratani ya koo. Hakuna mtu wa studio aliyekuja kumwona, hadi walipoamua Mzee Ngao naye afe kwenye katuni. Ndipo mtayarishaji akaingia wodini na kinasa sauti. Hata pole hakutoa. Baba alikuwa akihangaika kupumua, mama ameshika kikombe.

"Mama, usimpe maji kwanza," mtayarishaji akasema. "Mkoromo huo ndio tunaoutaka. Watoto watalia kweli."

Baba alimtazama kama mtu aliyekuta funza kwenye sahani yake. Akamwashiria asogee. Yule bwana akainama, kinasa sauti mbele.

"Unanuka," baba akasema. "Toka."

Mama akampa maji, akafungua dirisha.

Watu wa studio hawakuona haya. Walimtafuta mtu wa kuuigiza mkoromo wa baba, wakamwita yule aliyeigiza shujaa aje aulilie. Siku hiyohiyo kijana huyo alifika hospitali, mtu mzima sasa, uso umemparama.

"Wameniwekea mtu anakoroma kama wewe, mwalimu. Nimetapika pale pale."

"Ukafanyaje?"

"Nimeacha kazi."

Baba akasogeza miguu, kijana apate pa kukaa.

Alifariki tarehe 14 Juni, alfajiri, mama akiwa kando yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na kijana huyo, ambaye mama ameagiza atajwe pamoja nasi, watoto wake. Watu wa studio waliokuja na kamera wanaombwa wabaki nje ya geti.

Mungu amlaze baba yetu pema.