Wamekuchora Kwapa Lipi?

KIBONGE: Haloo! Nani mwenzangu?

DADA: Nani mwenzako! Dada yako wa damu humjui?

KIBONGE: Kioo cha simu kilipasuka siku ile nilipoanguka, sioni majina. Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Hawajakuingiza chumba cha upasuaji?

KIBONGE: Ningepokea simu huko? Niko wodini, njaa inanimaliza. Hawa watu tangu jana—

DADA: Sikiliza! Wamekuchora?

KIBONGE: Wamenichora, wamenyoa, nanukia spiriti tupu.

DADA: Kwapa lipi?

KIBONGE: Eh?

DADA: Alama ya kalamu! Pale watakapokuwekea kifaa cha kushtua moyo. Kwapa lipi?

KIBONGE: La kushoto. Na mshale, maridadi kweli.

DADA: Mungu wangu.

KIBONGE: Usiniletee "Mungu wangu" nikiwa nimevaa gauni lisilo na mgongo.

DADA: Moyo wako uko upande gani?

KIBONGE: Kulia, tangu tumboni mwa mama. Si ndiyo maana ukatengeneza mfano wangu kwenye kompyuta yako?

DADA: Ndiyo! Kifua chako kizima kimo humu. Nimekipiga umeme kila pembe, kwapa la kulia ndilo lililokubali. Sasa mfanyakazi mpya ofisini kwetu kaona moyo uko kulia, kadhani picha imegeuka. Akaigeuza, moyo ukahamia kushoto! Hakuuliza mtu! Daktari katumiwa mchoro huo.

KIBONGE: Kwa hiyo wakiweka kushoto—

DADA: Siku mapigo yakivurugika, umeme utaishia kwenye pafu. Moyo hautaupata.

KIBONGE: [mtandao unakwaruza] ...haloo? Hautapata nini?

DADA: Nimesema hutaamka!

KIBONGE: Si ungeanza na hilo, dada.

DADA: Daktari hapokei simu. Mwite nesi!

KIBONGE: Nesi! Nesi, samahani— hapana, safari hii siyo chakula! Huyo anakuja. Anasukuma kitanda cha magurudumu.

DADA: Usikipande!

KIBONGE: Nimeshakaa sakafuni. Na gauni lenyewe ndilo hili! Baridi, we acha tu. Nesi, wamechora upande siyo... Dada yangu huyu, ndiye aliyepima... Ndiyo, mwite daktari! [viatu vinakimbia] Kakimbia kumgongea.

DADA: Kaa hapo hapo.

KIBONGE: Niende wapi, uchi nyuma? Dada.

DADA: Naam.

KIBONGE: Huko kwenye kompyuta, ukinishtua kulia... naamka?

DADA: Unaamka.

KIBONGE: Kila mara?

DADA: Kila mara. Na kila mara nalia kama mjinga, ofisi nzima inanicheka.

KIBONGE: Basi usi— ngoja, daktari huyu hapa. Kainama. Anafuta kushoto.

DADA: Anachora wapi? Wapi?

KIBONGE: Kulia! Aaah, ananitekenya! Haya, wananibeba, simu wanaichukua—

DADA: Kibonge! Ukiamka unipigie!

KIBONGE: "Ukiamka" tena? Si umesema kila ma—

[Simu inakatika.]