Sista wa Vitambaa Anavua Viatu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, muuguzi tunayemwita Sista wa Vitambaa anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu. Amechoka, na ana haki. Mimi mfagizi nimechoka kwa kumtazama tu. Karani ananiandikia haya, maana mimi na kalamu hatujawahi kujuana.

Alianza wodi ya wazazi, akizalisha mabinti ambao wenyewe bado watoto. Miaka tisa alisikia kilio kilekile mlangoni: mama wa binti anaapa hakujua lolote. Ndipo akaomba chumba cha mwisho, kile cha kukunjia vitambaa vya vidonda, akaweka viti viwili ubavu kwa ubavu. Mama akija na kijana wake, Sista anawapa rundo wakunje, yeye anatoka. Mikono ikipata kazi na macho yakiwa chini, ulimi hulegea. Nikiwa na fagio langu koridoni nimesikia kina mama wakitaja hedhi, mimba na kondomu, na wavulana wenye ndevu mbili wakiuliza yanayowanyima usingizi.

Si wote waliokubali. Mama mmoja alituachia rundo na matusi, eti tunafundisha uhuni. Bintiye alirudi peke yake baada ya miezi, tumbo limemtangulia. Sista hakula siku ile.

Na mganga hajigangi. Siku moja alimleta binti yake mwenyewe, miaka kumi na minne, wakakaa kwenye vile viti viwili. Nilifagia koridoni mara tatu. Rundo likaisha. Mtoto ndiye aliyesema, "Mama, watu wote unawafungulia mlango. Mimi lini?" Sista akatoka, macho mekundu, kuniomba rundo jingine. Nikampa mawili. Walitoka jua limeinama, wameshikana mikono.

Siri yake naitoa leo, anisamehe. Miaka saba sasa vitambaa vinakuja vimekunjwa kutoka kiwandani. Vile vya chumba cha mwisho havifungi kidonda cha mtu. Kila jioni, miguu imemvimba, Sista alivikunjua vyote kimoja kimoja, ili kesho kuwe na kazi.

Mkubwa wetu anataka chumba kiwe stoo. Stoo akaitafute kwingine, ufunguo ninao mimi.

Asante, Sista, mdogo wangu. Nenda kalale mpaka jua likuchome. Tunakuombea uzee wenye miguu mizima na simu za wajukuu. Jioni ya leo vitambaa nitavikunjua mimi.