Maiti wa Kila Jumanne

Matar alikuwa kwenye boti ya kwenda Dar es Salaam kushughulikia viza, na mfukoni ana barua ya kazi ya unesi katika kijiji kimoja cha Uingereza, ingawa bado alikuwa akisitasita kwenda. Mbele yake walikaa wanawake wawili wa makamo, waliojuana mlemle botini kwa kugaiana ndimu ya kuzuia kichefuchefu.

"Mwanangu kaitwa kupika hoteli, Uingereza," alisema Bi Zuleikha. "Nshamwambia hendi. Vijiji vyao nnaviona kila Jumanne kwenye televisheni, kwenye ile tamthilia ya wapelelezi: nyumba thalathini, na kila wiki maiti. Sijui kabakia nani wa kupikiwa."

"Lakini muuaji hukamatwa kabla ya adhana ya Isha," alijibu Bi Bashira. "Mie mbuzi wangu kaibiwa Mangapwani tangu Ramadhani, hata kamba haijaonekana. Mwache mtoto akaishi penye serikali."

Matar akapata moyo kidogo.

"Na hao wanaokufa, mwenzangu, hujitakia," aliendelea Bi Bashira. "Si yule anayejua jambo, akiulizwa anasema 'ntakwambia kesho'? Basi hiyo kesho haioni."

"Hilo kweli," alikubali Bi Zuleikha. "Na mwanangu hendi."

Boti ilipogusa gati, simu ya Matar ililia. Alikuwa mkewe. "Ushaamua? Wenda au hwendi?"

Matar akafungua mdomo kumwambia subiri kesho, kama alivyomwambia siku tisa mfululizo. Akaufunga.

"Nnakwenda," alisema upesi, kisha akageuka kuangalia nani kasimama nyuma yake.