Dada Luz Atakapoinuka Mezani

Tarehe thelathini Novemba Dada Luzviminda Cabaluna anastaafu, baada ya kuitumikia Nyumba ya Wazee Seroja, hapa Georgetown, kisiwani kwa Wamalei, kwa miaka ishirini na sita. Bwana Lim, msimamizi wetu, ameniomba niandike wasifu wake wa kusomwa kabla ya chakula, kwa kuwa ndimi niliyekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko wote. Nilimwambia shule yangu iliishia darasa la nne. Akasema, "Andika kama unavyoongea, Nenita, ila fupisha. Ukiandika yote tutakula saa kumi." Basi najitahidi.

Dada Luz alitoka kwao Leyte, Ufilipino, akiwa bado kijana, akaanzia chumba cha kufulia. Mashine ilikuwa moja tu, na ilitetemeka mpaka ikawa inahama yenyewe kuelekea mlangoni. Yeye aliikalia juu ili itulie, na huko huko juu akawa anakunja soksi za wazee. Baadaye alihamishiwa ghorofa ya pili, kuogesha na kulisha. Bibi Siew Choo, ambaye alikwisha kuwarushia ndoo wahudumu kadhaa, alikubali kuoga siku Dada Luz alipoingia bafuni akajimwagia maji yeye kwanza, nguo zote mwilini, akamwambia, "Unaona, Bibi? Sijafa." Bibi alicheka hadi akasahau kukataa. Tangu hapo sisi wote wa ghorofa ya pili tumejifunza kazi kwa Dada Luz, na wengine tumelowa vilevile.

Siku ya mapumziko alikuwa na mchezo wake. Sisi wengine tulitoka kanisani tukaenda kukaa kwenye ngazi za duka kubwa, kupiga simu nyumbani na kulia. Yeye alipanda basi lolote lililotangulia kufika, akakaa hadi mwisho wa njia. Akifika anakula kinachouzwa pale, anaongea na anayekiuza, anarudi. Kimalei alijifunzia jikoni kwa mpishi wetu Rohana, ndiyo maana Kimalei chake kimejaa majina ya viungo na maneno ya kugombeza. Lakini watu walimwelewa. Ninyi wageni mlioketi leo upande wa dirishani, mama wa ndizi za kukaanga wa Teluk Bahang, fundi funguo wa Air Itam na mkeo, nyote ni watu wa vituo vya mwisho. Alikuja kula kwenu siku moja, kisha akaja kwenye harusi za watoto wenu.

Mimi nilifuatana naye mara chache, nikashikilia chuma cha kiti njia nzima. Rohana hunitania: "Nenita, ungekuwa kuku ungeliogopa hata yai lako mwenyewe." Ni kweli. Niliacha watoto watatu Bohol kwa mama yangu, na mtu aliyeacha watoto mbali huota hofu kama kucha, unakata zinarudi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nalia juu ya shuka safi. Dada Luz hakuninyamazisha. Alisema, "Lia, mdogo wangu, lakini kunja. Chozi halizuii mkono." Nikawa nalia huku nakunja, na hivyo ndivyo watoto wangu walivyosoma.

Sasa niseme habari ya sahani, kwa sababu leo ina kazi.

Kwetu Ufilipino, mtu akiinuka kusafiri wakati wenzake bado wanakula, wanaobaki huzungusha sahani zao mezani, mzunguko mmoja, ili afike salama. Hapa tuliendelea hivyo hivyo. Rohana alikuwa akitucheka. "Anayelinda msafiri ni Mwenyezi Mungu, si sahani," alikuwa akisema, lakini alikuwa anazungusha, kwa kuturidhisha.

Siku moja ya mvua za Oktoba tulikuwa tunakula mchana, Dada Luz akaona wingu limefunguka, akainuka na mdomo umejaa wali. Anataka kupanda kilima kwa miguu. Nikamwambia maliza kwanza. Akasema, "Nikimaliza, mvua nayo itamaliza kupumzika." Akaenda. Tukazungusha. Rohana alikuwa ameinama kwenye jiko anatazama samaki wake, na sahani yake ikabaki kama ilivyo. Mimi niliiona. Nikasema moyoni, nikimwambia atanicheka. Nikaendelea kula.

Mvua ilirudi kabla hatujaosha vyombo. Redio ya jikoni ikasema udongo umeporomoka kilimani na njia ya kupandia imezibwa. Nikampigia Dada Luz, simu haikuita. Nikapiga tena. Niliikimbilia sahani ya Rohana kwenye karai, nikaizungusha ndani ya povu, nikijua kabisa kwamba nimechelewa. Rohana aliniona. Hakucheka. Alivua aproni akasema, "Chukua mwavuli," tukaenda na gari la mboga mpaka chini ya kilima.

Pale walikuwapo zimamoto na kamba yao nyekundu. Watu waliteremka mmojammoja, wamejaa tope usoni, na kila sura iliyotokea nilidhani ni yeye, na haikuwa yeye. Rohana alikuwa akisoma dua, mimi naomba rozari, na mwavuli ni mmoja. Kila nilipofumba macho niliona ile sahani. Nilifikiri nitamwambia nini binti yake kule Leyte, Marivic, aliyekuwa bado msichana wa shule.

Jioni simu ililia. Namba ngeni. "Nenita," sauti ikasema, "mbona unahema hivyo? Mmekula chakula cha jioni?" Alikuwa Balik Pulau, upande wa pili wa kisiwa. Njia ilipozibwa aliteremka upande mwingine na watembeaji wengine, simu yake ikaingia maji, na kwa kuwa pale ndipo basi linapogeuzia, akaketi akala bakuli la laksa, zile tambi za mchuzi wa samaki, na mwuza laksa ndiye aliyemwazima simu. Rohana alininyang'anya ile simu. "Wewe mwanamke," akasema, "huku tunakuzika, wewe unakunywa mchuzi wa samaki?" Kisha akakaa chini palepale kwenye tope, na sketi yake nzuri.

Tangu siku ile hakuna asiyezungusha sahani katika nyumba hii. Rohana huzungusha na bismillahi. Wazee wa Kichina wanazungusha. Bibi Siew Choo amesahau jina la mwanawe, lakini mtu akisimama tu, hata kama anafuata chumvi, yeye anazungusha.

Ninaandika haya kwa sababu naogopa. Dada Luz anarudi Leyte katika msimu wa tufani. Nyumba ya wazazi wake ilichukuliwa na dhoruba, haukupatikana hata mlango. Yeye amejenga juu kidogo, lakini bahari bado inaonekana kutoka dirishani, na mimi nasema bahari ikionekana nayo inakuona. Nimemsihi angoje hadi Januari. Amesema tiketi imekwisha kukatwa na Marivic anamngoja.

Juma lililopita tulikuwa tunakunja shuka pamoja, za mwisho. Mikono yake ikasimama. Sijapata kuiona ikisimama. Akasema, "Nenita, Marivic anamwita dada yangu mama. Mimi ananiita kwa adabu sana. Huko hakuna mtu anayejua kwamba kahawa yangu naitia chumvi." Akanyoosha pembe ya shuka. "Hiki ndicho kituo cha mwisho, na sijui kinauzwa nini." Mtu aliyenifundisha kutoogopa alikuwa anaogopa, na mimi nikakumbuka alichonifundisha. Nikamwambia, "Lia, dada yangu, lakini kunja." Tukakunja.

Kwa hiyo nawaomba jambo. Gari la uwanja wa ndege litafika saa saba na nusu, katikati ya chakula. Bwana Lim amejaribu kubadilisha, lakini ndege haingoji watu washibe. Dada Luz atakapoinuka mezani, asikimbilie mtu kumkumbatia. Kwanza zungusheni sahani. Iliyojaa mchuzi izungushwe polepole. Jirani yako akiwa ametoka, mzungushie na yake. Rohana ameahidi kwamba hatakuwa jikoni. Bwana Lim, na wewe, tafadhali, ile yako ya biskuti pia ni sahani.

Dada Luz, tunakushukuru kwa kila mgongo uliousugua na kila mmoja wetu uliyemtoa kwenye zile ngazi za duka ukampandisha basi. Bibi Siew Choo nimemchukua mimi. Akikataa kuoga nitajimwagia. Tunakutakia paa lisilong'oka na bahari yenye adabu. Tunakutakia pia binti ambaye asubuhi moja, bila kuulizwa, ataweka chumvi mezani karibu na kahawa. Ukifika, fanya kama ulivyozoea: kula kinachouzwa, ongea na anayekiuza.

Halafu piga simu. Sahani yako itabaki mezani kama utakavyoiacha, na wali wake. Hataiosha mtu mpaka tusikie sauti yako.

Nenita Talaboc
Ghorofa ya Pili