Mzee Silwimba na Namba ya Ukutani

Kuna jambo ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu yeyote, hata Mwalimu Raudha anayeniazima vitabu: ile namba kubwa iliyopakwa rangi kwenye ukuta wa chumba cha kompyuta ilitoka kinywani mwangu. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa Mzee Osea Silwimba, mtunza stoo wetu, na nimeona siwezi kuuandika bila kuanza na hilo.

Mzee Silwimba anastaafu tarehe 30 Juni 2015, baada ya kuitumikia shule yetu hapa Tunduma kwa miaka 29. Aliajiriwa mwaka 1986 akitokea Msangano, shule ikiwa na madarasa mawili na stoo moja isiyo na mlango. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutafuta mlango. Alipoupata aliuandika namba 1 kwa rangi nyeupe ya mafuta, na tangu siku hiyo hajaacha kupaka. Viti vina namba, majembe yana namba, na kengele ni namba 33.

Wapo waliocheka, hasa mwaka 2004 alipompaka ng'ombe wa mradi namba 212 ubavuni. Miezi miwili baadaye ng'ombe huyo alipotea, akapita katikati ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, akaingia Nakonde, upande wa Zambia, bila kuulizwa pasipoti. Siku ya tatu Mzambia mmoja alimrudisha mwenyewe. Alisema ng'ombe mwenye namba lazima ni wa serikali, na yeye hakutaka kesi na serikali mbili. Baada ya hapo watu walicheka kwa adabu.

Mwaka jana Mwalimu Raudha, anayetufundisha Hisabati, alileta programu ya hesabu isiyolipiwa. Inakaa kwenye kompyuta moja kubwa, na nyingine tisa zinaifungua kama ukurasa wa mtandao. Ukurasa huo unaitwa daftari: unaandika hesabu kwenye kisanduku, unabonyeza Shift na Enter, jibu linatokea chini yake. Ili kulifungua unaandika anwani, ambayo ni namba tupu. Mzee Silwimba, mwenye funguo za chumba, aliniuliza daftari hilo ni namba ngapi. Nikamsomea iliyokuwa kwenye skrini: 192.168.0.14:8888. Nilijua kwamba umeme ukikatika kompyuta huweza kuwaka na anwani nyingine. Lakini alikuwa ameshashukuru na kugeuka, na mimi kumkatiza mtu mzima huwa siwezi.

Jumatatu tuliikuta ukutani, kila tarakimu ndefu kama rula. Umeme ulikuwa umekatika Jumapili. Daftari lilikuwa limehamia 17, na 14 ilikuwa imechukuliwa na printa ya ofisini. Kidato cha Tatu kizima tulimaliza kipindi tukijaribu kufanya hesabu ndani ya printa.

Mkuu wa Shule alimwandikia Mzee barua ya onyo kwa kuharibu ukuta. Ilikuwa ya kwanza katika faili lake. Nilikuwa mlangoni na rundo la madaftari alipoulizwa nani alimpa namba ile. Mtu anayekumbuka namba ya kila jembe akajibu kwamba amesahau. Alipoagizwa aikwangue, alisema kwa upole:

"Mkuu, kitu cha shule hakibadilishi namba. Kiti hakibadilishi, ng'ombe hakubadilisha. Hili nalo litajifunza."

Akapewa hadi siku ya makabidhiano. Bwana Shadrack, mtunza stoo mpya, angepita akilinganisha kila namba na kitu chake, na namba isiyo na kitu ingehesabiwa ni upotevu.

Kwa wiki tatu, kila baada ya vipindi, nilisoma maelekezo ya programu ile. Niliipa kompyuta kubwa anwani ya kudumu. Kwenye faili la mipangilio niliandika kwamba daftari lipokee kompyuta zote, si ile linamokaa tu, zile 8888 za mwisho zisiguswe, na programu iwake yenyewe umeme ukirudi. Nilipoichukua 14, printa ya ofisini ikanyamaza. Kwa siku mbili Bi. Violet, mhazili, aliandika barua kwa mkono, na Mkuu akanunua wino mara mbili. Nikaihamishia printa 15. Mzee alikuja na kopo lake, akaipaka 15 mgongoni.

Siku ya makabidhiano, Bwana Shadrack alipofika mlangoni tu, umeme ukakatika. Tulisimama chini ya ile namba dakika ishirini bila kutazamana. Uliporudi, Mzee alikaa kwenye kiti namba 118 na kuandika anwani kwa kidole kimoja, akiinua macho ukutani kwa kila tarakimu. Daftari likafunguka. Akaandika 1986+29, akabonyeza Shift na Enter. Likajibu 2015.

"Lipo," akasema. Bwana Shadrack akaweka tiki.

Ukuta ulisamehewa, ila barua ya onyo ilibaki. Mkuu alieleza kwamba barua haiondoki kwenye faili bila barua nyingine inayosema kosa lilikuwa la nani.

Mzee Silwimba, tunakushukuru kwa milango, kengele, na kila kitu tulichokikuta mahali pake. Urudi Msangano salama, mpunga ukuitikie, na wajukuu wakukimbie wakiona brashi.

Ile barua ya kusema kosa lilikuwa la nani niliiandika mimi jana. Leo asubuhi nilibisha hodi ofisini mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikusikika. Mkuu aliisoma, akaitia failini, akaichomoa ile ya onyo na kunipa. Niliipeleka stoo. Mzee aliisoma mstari kwa mstari, akaikunja mara mbili, kisha akaitumia kufutia brashi yake.