Pampu ya Kinyozi Itakaa Wapi

Benchi la kona liliegemea ukuta wa duka la dawa. Nyuma yake, usawa wa mabega, kulikuwa na sanduku la bati lenye matundu, ambalo Muuza Kahawa alilifanya meza ya vikombe na wengine wakatundikia makoti. Kona hiyo ilikuwa na upepo wake wa baridi hata siku ambazo mtaa mzima umetulia, na wenye benchi walishazoea kuinua kola na kupaza sauti. Asubuhi hiyo Kinyozi alifika hana raha. Amehamia nyumba mpya, pampu ya joto, ya kupasha nyumba moto, ameshanunua, imo sebuleni ndani ya katoni, na fundi anakuja saa tano kutoboa ukuta. Kifaa cha ndani hakina neno. Taabu ni lile dude la nje lenye feni, ambalo kila mtu alimwambia linaunguruma.

— Mke wangu hataki kulisikia upande wa chumbani, alisema. Ukuta uliobaki unatazama dirisha la jirani. Na jirani nasikia ni nesi wa zamu za usiku, mchana ndio analala. Hata sijamtia machoni.

— Basi umemaliza, alisema Wakili, ambaye mahakamani hajawahi kukanyaga ila kesi zote za mtaa anazo. Mpe jirani. Kelele ni mali ya anayeisikia.

— Kule nilikotoka nimeishi miaka na jirani tusiyesalimiana naye. Sirudii.

Kinyozi alilisema hilo akitazama kikombe chake, na lilimuuma kweli.

— Ipandishe juu ya paa, alisema Injinia, muuza viatu. Sauti ina tabia ya kupanda. Ikianzia juu, itashuka na nini?

— Na mvua? aliuliza Kinyozi.

— Mvua itaiosha.

— Paa litavuja, Injinia. Chimba shimo uifukie, alishauri Wakili.

— Ukiifukia, ngurumo itapita ardhini mpaka kwenye miguu ya vitanda, alipinga Injinia. Mtaa mzima utalala unatetemeka, na watu watamdai Kinyozi usingizi wao.

— Ifunike blanketi, alisema Muuza Kahawa akimimina.

— Itakosa pumzi.

— Basi nunua jogoo. Jogoo mmoja mwenye kiherehere, pampu hakuna atakayeikumbuka.

Injinia aliinua kidole, dalili kwamba sasa linakuja kubwa.

— Sikilizeni. Mnunulie na jirani pampu kama hiyo hiyo. Ziwekwe zitazamane. Kelele hii itoke huku, ile itoke kule, zikutane katikati zimalizane. Kimya.

— Na zikikosa shabaha? aliuliza Wakili.

Hapo wakapandiana sauti wote watatu, kila mmoja akionyesha kwa mikono kelele inavyopita. Kinyozi aliwaza fundi yuko njiani na yeye bado hana la kumwambia.

Mwanamke aliyevaa sweta juu ya sare ya hospitali alitoka duka la dawa, akasimama kungoja kahawa. Aliwasikiliza kidogo.

— Samahanini, kaka zangu. Hiyo mliyotundikia makoti, sasa hivi imewashwa au imezimwa?

— Ipi?

— Hiyo mgongoni kwenu. Si ndiyo pampu yenyewe?

Wakili alimtazama Injinia, Injinia akatazama kiatu chake. Muuza Kahawa aliondoa vikombe kimoja kimoja. Kinyozi aliweka kiganja juu ya bati, na kona ile, kwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe, ikanyamaza. Ndipo wakausikia mngurumo, mdogo, wa chini kwa chini, pamoja na upepo ukiwapuliza shingoni.

— Kumbe upepo wenyewe huu, alisema Injinia. Mimi nilisema unatoka uchochoroni.

— Nyamaza kwanza, alisema Wakili.

— Dada, alisema Kinyozi, mtu akiwa amelala karibu na kitu hiki?

— Mimi hulala mchana, jirani na ile nyumba mpya yenye geti la bluu. Hii hainiamshi, mradi isiwe dirishani kwangu kabisa. Kilichonitesa wiki hii ni nyundo. Nikifumba macho tu, ko ko ko.

Geti la bluu lilikuwa la Kinyozi, na nyundo pia. Aliona haya mpaka masikioni. Alitoa simu, akamwambia fundi asije asubuhi. Aje jioni, jirani akishaamka, na pampu itakaa upande wa jirani, mbali na dirisha.

Kahawa ilikuwa imebaki kikombe kimoja. Injinia alishanyoosha mkono, Kinyozi akamtangulia, akakipokea na kumpa yule mwanamke.

— Pole na nyundo, jirani, alisema, kwa sauti ya chini.